Kikapu Kilichokataa Kusimama

11 Agosti

Shemeji yangu,

Salamu nyingi. Ulipoondoka na mtoto ulinikataza kukupigia simu. Ulisema mwaka huu simu yangu imekuletea habari moja tu, na hiyo inakutosha, nikiwa na neno niandike. Basi naandika. Fundi bomba hakuzaliwa na kalamu mkononi, kwa hiyo utanivumilia.

Kwanza, Kasuku hajambo? Anakula? Miaka tisa mtoto yule ameongea tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba, ndiyo maana tukampa jina hilo, na sasa nyumba imenyamaza hadi nasikia friji ikihema. Mwambie nimemsalimu. Akiikataa salamu, mwambie hivyo hivyo.

Shemeji, nataka unifundishe kufuma kroshia. Usicheke.

Wewe siku ile ulikuta mambo yameshaharibika, acha nikueleze yalivyoanza. Kila sikukuu mdogo wako alikuwa akimfumia mtoto kikapu kidogo cha kuenea kiganjani, chenye mkono na utepe, anakijaza peremende na kazawadi kamoja. Mwaka huu alikifuma mwezi wa nne, akiwa kitandani. Nilimuuliza haraka ya nini, sikukuu si Desemba? Akasema hana hakika kama vidole vyake vitaifikia Desemba. Akakijaza, akakifunga utepe, akakiweka juu ya kabati na kumwambia Kasuku asikiguse mpaka siku yenyewe.

Wiki moja baada ya mazishi nikakuta sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani hadi ndani ya kikapu. Nikajua ni zile peremende. Nikazitoa, nikakitia kikapu kwenye beseni la maji moto na sabuni, maana uchafu mimi naujua dawa yake hiyo moja. Nilipokitoa kilikuwa kimelala mkononi mwangu kama soksi. Nikakianika, kikakauka, kikabaki soksi. Yale maji moto yaliua uzi. Kasuku akaingia akakiona kwenye kamba. Uliyasikia aliyosema, maana ulikuwa chumba cha pili ukifunga sanduku lako: "Umemfua Mama. Sikai hapa mpaka kikapu kisimame."

Ndipo ukaondoka naye, nami sikukuzuia. Sikuwa na uso wa kumzuia mtu.

Kama kuna namna ya kukiponya kile cha zamani, niambie. Kama hakuna, nifundishe nifume kipya kwa mikono yangu, kinachofanana nacho kabisa. Kikisimama nitakuja nacho kabla ya sikukuu kumchukua mwanangu. Bila hicho siwezi hata kubisha hodi kwako.

Shemeji yako,
Fundi


20 Agosti

Shemeji,

Barua imefika. Mtoto anakula. Anaongea na mimi, na paka, na mashine yangu ya cherehani. Habari zako haongei.

Umeuliza kama cha zamani kinaponyeka. Hakiponyeki. Kiweke mahali uache kukitazama.

Nimefundisha kroshia kwa miaka thelathini na moja, wasichana mamia, na sijawahi kupata mwanafunzi mwenye spana mfukoni. Lakini mwalimu hachagui mwanafunzi. Nunua uzi wa pamba, si wa sufu, na sindano ya kroshia nyembamba, ile yenye ndoano mbele. Fuma mnyororo wa vitanzi vinne, ufunge uwe duara. Ndani ya duara fuma mashono kumi na mawili. Mzunguko wa pili, kila shono litoe mawili, yawe ishirini na manne. Wa tatu, ongeza moja kila baada ya shono moja. Hicho ni kitako. Kikilala bapa mezani kama sahani, umepatia. Kikijikunja, fumua.

Nawe usidhani nakufundisha kwa kuwa yameisha. Mdogo wangu aliugua miezi minne, nami nikaletwa kumwona akiwa ndani ya sanda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Hakikumuumbua yeye, aliyeumbuliwa ni mimi, niliyesimama kaburini nikiulizwa na watu alikuwa anaumwa nini, nami sijui.

Mwalimu


6 Septemba

Shemeji yangu,

Kitako cha kwanza kilijikunja kikawa kofia ya yai. Cha pili kilitoa mawimbi. Cha tatu kimelala bapa, nimekipima kwa pimamaji na si mzaha. Nafuma saa ya chakula cha mchana, nimekaa juu ya ndoo kwenye jengo tunalotia mabomba. Fundi wa vigae aliniuliza kama nafuma chandarua cha panya. Nikamwambia ni cha mkwe wake. Tangu juzi anakaa karibu yangu akitazama, na jana aliniomba nimwonyeshe mnyororo.

Naona mabomba na kroshia ni ndugu. Kote ukikosea mwanzoni, aibu inatokea mwishoni mbele za watu.

Sasa ile habari nyingine. Nilijikaza kisabuni nisiiandike, lakini imenikaa kooni. Ulipaswa kuambiwa, na kila siku nilishika simu. Mke wangu ndiye aliyenilisha kiapo. Alisema, "Dada akiingia mlangoni na sanduku lake nitajua kweli nakufa. Niache nisijue." Ningefanyaje? Ningevunja kiapo, ningemuua mimi kabla ya ugonjwa. Nilikitii, nikakupoteza wewe, na sasa naona na mtoto anafuata njia hiyo hiyo. Silaumu mtu, naeleza tu.

Nifundishe kuta za kikapu.

Fundi


17 Septemba

Shemeji,

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo leo.

Kuta: acha kuongeza. Shono juu ya shono, mizunguko saba, usikaze wala usilegeze. Ukingo ufume kwa mashono matano katika tundu moja, ruka mawili, tena matano, utapata mapindo kama ya kamba ya shanga. Mkono wa kikapu ni mkanda wa mashono manne, urefu wa kidole chako cha kati mara mbili. Kidole cha mtu wa kawaida, si chako.

Kasuku ameota jino jipya mbele. Nimempa chumba cha dirisha kubwa, nikaihamishia cherehani sebuleni. Nyumba hii nilikuwa nikiifagia mara moja kwa wiki, maana mtu mmoja hachafui. Sasa naifagia kila siku, na wala sichoki.

Mwalimu


8 Oktoba

Shemeji yangu mwema,

Kikapu kimekwisha, na hakisimami.

Kina kitako, kina kuta, kina ukingo wa mapindo, kina mkono. Mashono nimehesabu mara tatu, fundi wa vigae akayahesabu ya nne. Nikikiweka mezani kinakaa kitambo kidogo kisha kinainama, kinajilaza chali kama mlevi. Nimelala usingizi wa mang'amung'amu wiki nzima nikitafuta kosa. Nilifikiria kutia waya mwembamba wa shaba kwenye kuta, nikaona hapana, Kasuku atapapasa aujue, na mama yake hakuwa na waya.

Niambie nakosea wapi. Ukiona mkono wangu ni mzito, sema. Sitaona haya.

Je, amewahi kuniulizia hata mara moja?

Fundi


19 Oktoba

Shemeji,

Mkono wako umelegea. Fumua kuta zote, anza tena kwa kukaza kidogo zaidi.

Hajakuulizia.

Mwalimu


22 Novemba

Shemeji yangu,

Nimefuma vinne sasa, tangu tuanze. Cha pili nilikikaza hadi sindano ikapinda. Cha tatu nilitumia uzi mnene. Cha nne nikafuma polepole, shono kwa shono. Vyote vimelala. Nimevipanga dirishani, ukivitazama utadhani ni wagonjwa wa wodi moja.

Juzi niliona nimekwama, na sikukuu imebakiza mwezi. Nikachukua kile cha marehemu, kile soksi. Nikawaza, huyu ndiye aliyejua siri ya kukisimamisha, na siri lazima imo ndani ya mashono yake. Kwetu bomba lisiloeleweka hufunguliwa viungo, kimoja kimoja, mpaka lijieleze. Ulisema hakiponyeki. Nikaona basi afadhali kinifundishe.

Nikakifumua, Shemeji. Nilianza baada ya kazi, jua bado lipo, nikakaa kizingitini. Kila mzunguko nilihesabu nikaandika kwenye daftari. Ukingo, sawa na wangu. Kuta, mizunguko saba, sawa na yangu. Mzunguko wa tano aliruka shono moja, nikakumbuka Aprili kulikuwa na siku mkono wake unatetemeka, nikaacha kidogo kisha nikaendelea. Kitako, kumi na mawili, ishirini na manne, thelathini na sita. Nikafika kwenye vile vitanzi vinne vya mwanzo, nikavuta, vikaisha. Nikabaki na uzi magotini na daftari lenye hesabu zile zile ulizonipa wewe.

Hamna siri mle. Alifuma kama ninavyofuma, chake kikasimama, changu hakisimami. Sasa sina changu wala sina chake. Nimeuviringa uzi, umekuwa mpira wa kutosha mfukoni.

Sijui nije vipi.

Fundi


23 Novemba

Shemeji,

Naandika bila kusubiri jibu lako, maana nikisubiri nitakosa ujasiri.

Leo asubuhi tulikuwa tunakunja shuka, Kasuku ameshika ncha zake na mimi zangu. Akaniuliza, "Mama Mkubwa, ulimwandikia Baba habari ya sukari?" Nikamwambia sukari gani. Akasema mama yake akimaliza kufuma kikapu alikuwa akichemsha sukari na maji hadi yanate, anakichovya, anakivisha bakuli lililopinduliwa, anakiacha siku mbili. Kinakauka kigumu kama gamba la yai. Alikuwa akifanya mchana wewe ukiwa kazini, na mtoto ndiye mlinzi wa bakuli. Nikamjibu, "Nimemwandikia zamani." Akatabasamu, akasema, "Basi atakuja."

Mimi ndiye niliyemfundisha mama yake hiyo sukari, akiwa na umri wa Kasuku.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Sisimizi hawakufuata peremende, walifuata kikapu chenyewe. Maji moto hayakuua uzi, yaliyeyusha sukari tu. Kikapu cha mke wako hakijafa, Shemeji. Kinahitaji kikombe cha sukari, nusu kikombe cha maji na bakuli. Ungeweza kukisimamisha mwezi wa nane, siku mbili baada ya kupata jibu langu, kama ningekujibu kama binadamu.

Mwanzoni nilijiambia ni haki. Ulinificha jambo moja, nami nikufiche moja, tulingane. Kisha ukaniandikia habari ya kile kiapo, na haki ikaniisha mikononi, nikaendelea hivyo hivyo. Hapo ndipo ujue mimi ni mtu wa namna gani. Sikuwa nalipiza tena. Nilikuwa nataka usifike. Kasuku wakati mwingine ananiita Mama kwa kughafilika, akitaka chumvi mezani, halafu anajirekebisha, nami nakaa nikisubiri aghafilike tena. Sikuzaa, unajua. Nilikwambia hajakuulizia. Anakuulizia kila Jumapili, siku ya kuandaa sare za shule, kama wewe unajua kupiga pasi kola.

Chukua kile cha marehemu leo hii, ukichovye. Sukari kwanza ichemke hadi itoe uzi kwenye kijiko. Usikikamue kwa nguvu. Kivishe bakuli, ukizungushie utepe mwembamba kiunoni ili kisiteleze. Kikikauka, njoo.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nitauomba ukiwa mbele yangu.

Mwalimu


4 Desemba

Shemeji,

Barua yako na yangu zilipishana njiani. Yangu umeshaisoma, kwa hiyo unajua ni nini nilichokuwa nimefanya siku tatu kabla hujashika kalamu.

Nimeisoma yako mara nyingi. Mara ya kwanza nilicheka, sijui kwa nini. Sukari. Nyumba hii ina sukari kilo mbili kabatini, mimi nakunywa chai ya rangi bila sukari tangu alipofariki kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akinitilia. Baadaye nikapandwa na hasira, nikatamani nifike kwako nivunje mlango badala ya kubisha. Fundi wa vigae aliniona nikikaza nati kwa hasira, akanipokonya spana, akaniambia nikae chini nisije nikapasua bomba la watu.

Siwezi kukwambia kwamba yameisha. Nilikuwa nacho mkononi, Shemeji. Shono kwa shono nilikivuta, na pale alipotetemeka nilipaona, nikapavuta napo. Ungeandika neno moja mwezi wa nane. Hata mwezi wa kumi. Hata ungechelewa, ukaandika wiki mbili kabla.

Lakini nami ninayo simu niliyoishika kila siku miezi minne bila kuibonyeza, na wewe ulifika ukamkuta ndani ya sanda. Nikijaribu kupima la nani zito zaidi, nachoka kabla sijamaliza.

Nakuja Jumamosi tarehe kumi na nne, mchana. Mkono mtupu haulambwi, ila nitakuja nao mtupu. Mtayarishe mtoto. Asipotaka kurudi nami, nitalala kwenye kochi lako nirudi peke yangu, na sitamlazimisha.

Habari ya sukari usimweleze neno. Nitamweleza mwenyewe.

Fundi


30 Desemba

Mama Mkubwa mpenzi,

Hujambo? Paka hajambo? Mimi sijambo ila jino la pembeni linacheza. Tulifika salama. Baba alibeba sanduku na mimi nikabeba mkoba wa chakula ulichotufungia, tukakila chote kabla ya nusu ya safari, hata kile ulichosema ni cha kesho. Mbona ulikuwa unalia sana pale mlangoni? Mimi nililia kidogo tu, halafu nikaacha kwa sababu Baba naye alitaka kuanza, na watu watatu wakilia pamoja nani atabeba mizigo.

Nakuandikia jambo la muhimu. Hapo kwako Baba alikwambia tunatoka kuzungumza nje, mimi na yeye, tukakaa kwenye ngazi. Akanionyesha mpira wa uzi. Akasema huu ndio kikapu cha Mama, nilikifumua mimi ili nijue alivyofuma. Nililia mpaka nikatapika, wewe ulidhani ni jua. Sikumsemesha njiani mpaka tulipobadilisha gari. Sasa nimemsamehe nusu. Nusu nyingine nimemwambia asubiri.

Nikamuuliza kwa nini hakutumia sukari wakati Mama Mkubwa alimwandikia. Akainama kwanza akafunga kamba za kiatu. Akasema ni kweli uliandika, tena mwanzo kabisa, mwezi wa nane, ila yeye alisoma ukurasa wa mbele akadhani barua imeisha, hakugeuza nyuma. Nikamwambia Baba, barua ina pande mbili. Akasema ndiyo, ameshajua. Nikamuuliza mbona Mama Mkubwa hakukukumbusha. Akasema ulimkumbusha mara tatu, yeye ndiye kichwa maji, na nisikulaumu kwa lolote kwa kuwa bila wewe asingejua hata mnyororo. Kwa hiyo usihuzunike ukidhani ni kosa lako, maana niliona ulivyokuwa unamtazama. Kosa ni lake peke yake, amekubali mwenyewe.

Sikukuu tulichovya kimoja cha vile alivyofuma Baba, cha bluu. Mimi nilikoroga sukari, yeye akashika bakuli. Kimesimama, lakini kimeegemea upande mmoja. Baba alitaka tufume kingine kwa uzi wa Mama nikakataa. Uzi wa Mama usifumwe na mtu. Umo kwenye droo yangu chini ya soksi, na ukinusa bado kuna sabuni.

Usiku napiga makelele, Baba anasema. Akija kuniamsha namwita Mama Mkubwa. Anajibu "naam" kwa sauti nyembamba, nalala tena.

Njoo mwezi wa nne. Baba amesema uje na sanduku kubwa ukae unavyotaka. Na tafadhali andika, andika pande zote mbili. Nimemwambia Baba kuanzia sasa barua zako zote zikija nitazifungua mimi na kumsomea kwa sauti mwanzo hadi mwisho, ili asiruke kitu tena. Amekubali.

Ni mimi mwanao,
Kasuku